Pemba Inazaa, Pemba Inazeeka

Nina bibi yangu mmoja, mdogo wake marehemu bibi mzaa mama, anayeishi upande wa Mtambile, wilaya ya Mkoani. Amezaa watoto tisa, wamekua saba. Ukimuuliza wako wapi, anakuhesabia kwa vidole: wawili Unguja, mmoja Dar es Salaam, mmoja Tanga, mmoja Mombasa, mmoja Maskati. Wa saba, binti, ameolewa Wete, na huyo ndiye pekee aliyebaki kisiwani.

Msimu mmoja wa vuli nilimkuta barazani, ameitazama mikarafuu yake iliyozaa mpaka matawi yameinama. Vikonyo vimeshaanza kuwa vyekundu. Mwenye kujua karafuu anajua maana yake: zichumwe sasa, kwani zikifunuka maua zimekwisha thamani. Nikamuuliza nani atachuma mwaka huu. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mzima kisicho na furaha ndani yake.

"Mwanangu," akasema, "mwenye watoto saba nakodi mtu wa kunipandia mti."

Maneno hayo sikuyasahau. Nimeyabeba mpaka leo kila ninaposoma makala za wataalamu kuhusu idadi ya watu. Wataalamu wanagawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanatwambia Afrika inazaa mno, uchumi hauwezi kukimbizana na matumbo, tupange uzazi. Wa pili wanatuonesha Japani na Italia na China, nchi zilizoacha kuzaa, wazee wamejaa na wafanyakazi wamepungua, wanatuonya tusije tukafika huko. Hebu basi tuwaulize wote wawili: bibi yangu wa Mtambile anaingia kundi gani? Kazaa kama wa kundi la kwanza, kazeeka kama wa kundi la pili.

Ili kumwelewa inabidi turudi nyuma, karibu miaka mia mbili, tuifuate mikono ya Pemba. Ninaposema mikono nakusudia watu wa kufanya kazi. Historia ya uchumi wa kisiwa hichi ni historia ya kutafuta mikono. Kwanza ililetwa, kisha ikazaliwa, kisha ikaondoka.

Mikono iliyoletwa

Mkarafuu si mti wa kwetu asili. Ulikuja kutoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo, ukapitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ukashika mizizi Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Seyyid Said alipouhamishia utawala wake Zanzibar, alisukuma kilimo chake kwa nguvu, na katika miaka ya 1830 na 1840 mashamba yakaenea.

Karafuu ina tabia moja ambayo uchumi wake wote umejengwa juu yake. Kwa miezi mingi haikutaki sana. Unapalilia, unangoja. Kisha msimu ukiingia inakutaka yote kwa mara moja, wiki kwa wiki, kabla kikonyo hakijafunuka. Kila kichala kinachumwa kwa mkono, juu mtini. Halafu kuna kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, halafu kuanika juani juu ya majamvi, na mvua ikinyesha watu wanakimbia kuanua. Hakuna mashine. Mwenye mti asiye na mikono hana kitu.

Wenye mashamba wa karne ile walipata mikono kwa njia tunayoijua: watumwa kutoka bara. Na hapa pana jambo ambalo Abdul Sheriff na Frederick Cooper, wanahistoria wawili walioandika kwa kina juu ya mashamba haya, wanatusaidia kuliona. Mashamba ya karafuu hayakuishi kwa uzazi. Vifo vilikuwa vingi, watoto waliozaliwa na kukua walikuwa wachache, na pengo likazibwa kwa kununua watu wengine. Yaani kwa mwenye shamba wa wakati ule, kulea mtoto mpaka afike umri wa kupanda mti kulikuwa na gharama kuliko kumleta aliyekwishalelewa na mama mwengine, mbali, bila mama huyo kulipwa chochote.

Tuliweke jambo hilo akilini, maana litarudi.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba kwa kiasi kikubwa ilisalimika. Bei ikapanda, na kila mwenye fedha akaelekeza macho Pemba. Lakini mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash akatia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Angalia mambo yalivyokutana: kisiwa kilihitaji mikono kuliko wakati wowote, na mlango wa kuletea mikono ukafungwa. Matokeo yake ni magendo. Majahazi yakawa yakivuka usiku kutoka pwani ya bara, na manowari ya Kiingereza, HMS London, ikawekwa kuyawinda. Mwishoni mwa 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuliwa katika maji ya Pemba alipojaribu kukagua jahazi lililobeba watumwa.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuiondolea sheria ya utumwa nguvu zake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Mwaka huohuo wa 1897 Waquaker wa Uingereza walifungua misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, wakawapa ardhi na kazi walioachwa huru. Lakini serikali ya ulinzi ya Kiingereza ilikuwa na wasiwasi mwengine: nani atachuma karafuu? Mapato ya nchi yalikuwa yakitegemea zao hilo. Uhuru wa mtu na hesabu ya hazina vikawa vimekaa meza moja, vikitazamana kwa jicho la pembeni.

Mikono iliyozaliwa

Ndipo Pemba ikaingia katika zama zake za pili. Baadhi ya waliokuwa watumwa walibaki kwenye mashamba kama wakaazi, wakilima vyakula vyao na kuchuma karafuu kwa malipo ya pishi. Wafanyakazi wengine walikuja kwa msimu kutoka Unguja na bara. Na Wapemba wenyewe, Washirazi, walipanda mikarafuu yao. Hili linaitenga Pemba na Unguja: huku umiliki wa mikarafuu ulitawanyika zaidi. Mwarabu mwenye miti mingi na Mpemba mwenye miti ishirini walikuwa majirani, mara nyengine wakwe.

Kwa mwenye miti ishirini, mtoto alikuwa na hesabu yake. Sisemi kwamba watu walizaa kwa ajili ya karafuu, wala tusiwatukane wazee wetu kwa kudhani walimtazama mtoto kama jembe. Lakini familia kubwa ilikuwa na maana ya kiuchumi ambayo kila mtu aliiona. Vijana wanapanda, wanawake na watoto wanachambua, bibi anakaa na majamvi kuangalia mvua. Msimu mmoja mzuri ukikupa nyumba ya mawe, mwengine ukikuolea. Na ukizeeka, mikono uliyoilea itakupandia mti. Wazee wakasema, mchumia juani hulia kivulini. Kivuli chenyewe kilikuwa ni watoto.

Waingereza walikuwa wakihesabu. Walifanya sensa mwaka 1910, 1924, 1931, 1948 na 1958. Sensa ya 1948 iliikuta Pemba na watu 114,587. Ile ya 1958 iliikuta na watu 133,858, katika Zanzibar nzima ya watu 299,111. Maana yake, katika kila Wazanzibari mia, karibu 45 walikuwa Wapemba. Visiwa vilikuwa karibu sawa kwa watu, na kwa karafuu Pemba ndiyo iliyoongoza.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Mashamba makubwa yakataifishwa na familia zikagawiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaundwa shirika la biashara la taifa, ZSTC, likawa mnunuzi pekee wa karafuu. Msimu ukifika, wanafunzi nao walitolewa skuli wakapelekwa kambi za karafuu. Wengi wa kizazi cha wazazi wangu wana hadithi za kambi, za kulala pamoja, ugali wa moshi, na aliyeanguka mtini. Serikali mpya, kama ilivyokuwa ya kale, ilikuwa imegundua kwamba karafuu haina msamaha: mikono lazima ipatikane.

Lakini bei ikaamuliwa mezani. Miaka ambayo soko la dunia lilipanda, mkulima alibaki na sehemu ndogo tu ya thamani ya zao lake. Ndipo karafuu zikawa zinavushwa usiku kwenda Kenya, njia zilezile za bahari walizopitia wauza watu karne moja kabla. Na katika miaka ya 1980 likatokea pigo kubwa zaidi. Indonesia, mnunuzi wetu mkuu, aliyetumia karafuu kwa wingi kwenye sigara zake za kreteki, ilikuwa imepanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza. Bei ikaporomoka. Mti uliomjengea babu nyumba ya mawe haukumnunulia mjukuu hata baiskeli.

Kampeni ya vidonge

Katika miaka hiyohiyo ya bei mbaya ndipo lugha mpya ya uzazi ilipokomaa. Chama cha uzazi na malezi bora, UMATI, kilikuwa kimeanzishwa Tanganyika tangu 1959. Mwaka 1992 Tanzania ikapata sera yake ya kwanza ya idadi ya watu, ikarekebishwa 2006. Ujumbe ulikuwa ukizoeleka: familia ndogo, maisha bora. Nadharia nyuma yake ina mantiki. Watoto wanapopungua, kwa muda wa miaka kama thelathini nchi inakuwa na wafanyakazi wengi, na watoto na wazee wachache wa kulishwa. Akiba inaongezeka, uchumi unakimbia. Korea ya Kusini na Thailand zilipita njia hiyo.

Pemba kwa jumla iliusikiliza ujumbe ule kwa adabu, kisha ikaendelea na mambo yake. Utafiti wa afya na uzazi wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta wastani wa zaidi ya watoto sita kwa mwanamke wa Pemba, na chini ya watano kwa wa Unguja. Utafiti wa 2015–16 ulikuta ni asilimia 14 tu ya wanawake wa Zanzibar walio katika ndoa waliokuwa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango, wakati bara walikuwa asilimia 33.

Ni rahisi kusema dini ndiyo sababu, na wengi wanaishia hapo. Lakini wanawake wetu walikuwa wakijua kutenganisha watoto kwa kunyonyesha miaka miwili kamili kabla hakujakuwa na kampeni yoyote, na wanazuoni wamejadili suala la kupanga uzazi kwa karne nyingi bila kulifunga mlango. Mimi naona pana sababu nyengine ya kiuchumi kabisa. Mtu asiye na pensheni, asiye na bima, ambaye shamba lake halina faida bila mikono, unapomwambia apunguze watoto unamwambia apunguze akiba yake ya uzeeni. Atakuuliza, nawe utanipa nini badala yake? Hakuna aliyekuwa na jibu.

Wala viongozi hawakukubaliana. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi wasizisikilize habari za uzazi wa mpango, na kwamba wanaopanga ni wavivu wa kulisha watoto wao. Alikuwa akiona kwamba watu wengi ni nguvu ya uchumi. Mabishano yakawa makali: zaeni, msizae. Kote kulikuwa na ukweli fulani. Lakini nilipokuwa nikiyafuatilia, nilikuwa namuona bibi yangu barazani. Yeye alishazaa. Mbona nguvu hiyo ya uchumi haikuonekana shambani kwake?

Mikono iliyoondoka

Jibu liko kwenye sensa, ukizisoma kwa kuziweka sambamba.

Baina ya 1958 na 2022 watu wa Unguja waliongezeka kutoka 165,253 hadi 1,346,332, yaani mara nane. Watu wa Pemba waliongezeka kutoka 133,858 hadi 543,441, yaani mara nne. Kisiwa kinachozaa zaidi ndicho kilichokua kidogo zaidi. Mwaka 1958 Pemba ilikuwa na watu karibu 45 katika kila Wazanzibari mia. Mwaka 2012 ikawa na 31. Mwaka 2022 ikawa na 29.

Ni kweli kwamba Unguja imepokea watu wengi kutoka bara pia, kwa hivyo si pengo lote lililotengenezwa na Wapemba kuhama. Lakini sehemu kubwa inaonekana kwa macho. Nenda mitaa ya pembezoni mwa mji wa Unguja usikilize lafudhi. Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, uulize mwenye duka kwao wapi. Nenda Tanga. Vuka mpaka uende Kwale na Kilifi, ambako jamii ya Wapemba imeishi kwa vizazi bila uraia mpaka serikali ya Kenya ilipoitambua rasmi mwaka 2023. Nenda Maskati.

Waliondoka kwa sababu nyingi. Wapo walioondoka 1964 kwa khofu. Wapo walioondoka kwa njaa ya miaka ya 1970. Mwezi wa Januari 2001, baada ya maandamano kuzimwa kwa risasi, zaidi ya watu elfu mbili walivuka kwa madau wakakimbilia Shimoni, Kenya. Lakini wengi waliondoka kwa njia ya kawaida kabisa isiyoandikwa kwenye gazeti: kijana kamaliza skuli, kapanda meli Mkoani asubuhi na begi moja, kenda Unguja kwa mjomba. Mwaka wa pili akamvuta mdogo wake.

Kwa hivyo Pemba imekuwa na udhibiti wa idadi ya watu, tena wenye nguvu. Isipokuwa haukupitia kliniki. Ulipitia gatini.

Na hapa litarudi lile nililoomba tuliweke akilini. Mwenye shamba wa karne ya kumi na tisa alipata mfanyakazi aliyelelewa na mama wa mbali bila kumlipa mama huyo. Leo Pemba ndiyo mama wa mbali. Simfananishi kijana anayekwenda kutafuta maisha kwa hiari yake na mtu aliyefungwa minyororo, maana kufanya hivyo ni kuidharau minyororo. Nazungumzia hesabu ya malezi tu. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kazi hiyo ya kulea, chanjo, chakula, madaftari, sare za skuli, miaka kumi na minane au ishirini ya gharama, inalipiwa Pemba. Miaka arobaini ya kuvuna nguvu za mtu huyo inavunwa kwengine. Kisha wengine hurudi uzeeni, wanataka kufia kwao. Pemba inapokea ncha mbili za maisha, utoto na uzee, na kuukosa mwili wa katikati.

Utaniambia, wanatuma fedha. Kweli wanatuma. Bila fedha za simu, nyumba nyingi za Pemba zisingeezekwa bati. Lakini fedha haipandi mti. Inamkodi apandaye, na wapandaji wakiwa wachache bei yao inapanda msimu ule ule ambao kila mtu anawataka. Mwenye shamba mzee asiyeweza kungoja anakodisha mavuno yote yakiwa bado mtini, kwa bei anayotaja mwenye fedha. Hapo thamani kubwa ya karafuu inahamia kwa mwengine kabla hata kichala cha kwanza hakijachumwa.

Tena iko khabari ya miti yenyewe. Mkarafuu unaanza kuzaa baada ya miaka sita au minane na unaweza kuishi kupita umri wa mtu. Mingi ya mikarafuu ya Pemba ni mikongwe. Serikali imekuwa ikigawa miche bure kwa miaka mingi, na mwaka 2011 ilipandisha sana bei ya karafuu kwa mkulima. Lakini mche bure bado unataka kijana wa kuchimba shimo, kuumwagilia, kuulinda na mbuzi. Mzee wa miaka 75 anaupanda kwa ajili ya nani? Warithi wa shamba wako kumi na mmoja katika miji minne. Hawajagawana, na hakuna anayethubutu kukata mti mkongwe wa babu apande mpya, asije akaambiwa anajichukulia urithi. Basi shamba linazeeka pamoja na mwenyewe.

Madaktari wa Mkoani

Kuna sehemu moja kisiwani ambako kisa chetu na kisa cha China vinakutana uso kwa uso. Ni hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu, na mkoa unaowatuma ni Jiangsu.

Jiangsu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotekeleza sera ya mtoto mmoja kwa ukali zaidi, hata vijijini. Ndani yake kuna wilaya ya Rudong, iliyosifiwa kuwa mfano wa kupanga uzazi tangu miaka ya 1960, kabla ya sera yenyewe kutangazwa nchi nzima. Leo Rudong inatajwa kwa jambo jengine: karibu watu wanne katika kila kumi wana umri wa miaka 60 na zaidi. Skuli zimefungwa kwa kukosa watoto. China iliruhusu watoto wawili kuanzia 2016, watatu kuanzia 2021, na mwaka 2022 idadi ya watu wake ikaanza kupungua kwa mara ya kwanza tangu njaa kubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Amri ya kutozaa ilitiiwa. Ya kuzaa haikutiiwa.

Nawawazia madaktari hao wakizalisha wakinamama wa Mkoani, mtoto wa sita, wa saba, kisha usiku wakiwapigia simu wazee wao kule nyumbani, mtoto mmoja kwa wazee wawili. Kwa mtazamo wa kwanza ni dunia mbili zinazopingana. Lakini mtoe yule mzee wa Rudong na bibi wa Mtambile uwakalishe baraza moja, watazungumza lugha moja. Wote wawili wako peke yao shambani. Huyo hana kijana kwa sababu serikali ilimkataza kuzaa, na pale alipozaa, kijana mmoja huyo akenda Shanghai. Huyu amezaa tisa, vijana wakenda na bahari.

Ndiyo maana nasema mjadala wa kuzaa na kutozaa umetupotezea muda mwingi. Tangu zama za masultani, kila aliyeitawala Pemba aliuliza mikono ni mingapi. Ni nadra kukuta aliyeuliza kwa nini mikono ibaki.

Deni linapoanza kulipwa

Kuna jambo moja lililonipa moyo, nalo halikutoka China wala Ulaya. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi kutoka hazina yake yenyewe. Pensheni jamii, ndivyo inavyoitwa. Haikuuliza kama uliajiriwa, kama ulichangia mfuko, kama una mtoto Maskati. Ilimtambua mama aliyechambua karafuu maisha yake yote bila hati ya mshahara hata moja. Zaidi ya wazee elfu ishirini walianza nayo.

Ilikuwa Sh. 20,000. Si nyingi. Wakati ule shirika likinunua kilo moja ya karafuu za daraja la kwanza kwa Sh. 14,000, kwa hivyo mwezi mzima wa mzee ulikuwa sawa na kilo moja na nusu, kasoro kidogo. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi Sh. 50,000. Nazo zinakwisha kwa dawa, sukari na mafuta ya taa. Lakini fikiri maana yake. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mashamba haya, jamii nzima inamlipa mzee kwa kazi ya kulea, kidogo kidogo, popote walipo wale aliowalea. Maana kijana wa Mtambile anayelipa kodi dukani Darajani anamlipa bibi yangu bila kujua, na anamlipa pia bibi wa mwenziwe asiye na mtu.

Halitoshi. Pensheni inamlisha mzee, haimrudishi kijana. Kumrudisha, au kumfanya asiondoke kwa kukosa njia, kunataka mambo yanayochosha kuyataja kwa sababu si ya kampeni: bei ya karafuu inayotabirika, mirathi igawiwe mapema, viwanda zaidi ya kile cha makonyo cha Wawi, mwani ukaushwe na kusagwa hapahapa badala ya wakinamama kuuza gunia kwa bei ya mnunuzi, barabara, umeme usiozimika. Yakiwepo hayo, mama wa Pemba ataamua mwenyewe azae wangapi, na uamuzi wake, wowote ule, hautakuwa bima ya uzee.

Mara ya mwisho nilipokwenda Mtambile nilimkuta bibi amerudi kupokea pensheni yake. Noti amezifunga kwenye ncha ya kanga, fundo mbili. Nikamtania, nikamwambia sasa bibi umekuwa mwajiriwa wa serikali. Akafungua fundo moja, akatoa noti, akamwita kijana wa jirani, mtoto wa miaka kumi na sita hivi, akampa jembe na mche mmoja uliokuwa ndani ya kifuko kivulini.

"Chimba pale," akamwonesha. "Usiupande karibu na ule mkongwe."

Nikamwambia, bibi, mkarafuu huo utazaa baada ya miaka minane.

"Najua," akasema. "Nimemlipa achimbe. Sikumwambia nitachuma."

Kijana akachimba. Alipomaliza alifuta jasho, akaniuliza kama najua meli ya kesho inaondoka saa ngapi.